Mizani ya Sonara na Saa ya Babu

Barua imenifikia kutoka Ngara, na kwa kuwa inagusa jambo ambalo wasomaji kadhaa wamekuwa wakiniuliza kwa vipande vipande, leo nimeweka mengine kando niijibu hiyo peke yake. Mwandishi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Marehemu babu yake aliacha saa ya mkono ya dhahabu, aina ya Omega, ya kutiwa ufunguo. Mgongoni imechorwa mwaka wa 1961 na jina ambalo si la babu: ni la karani mmoja wa Kihindi aliyemwuzia saa hiyo mwaka wa 1968, alipokuwa akifunga mizigo kwenda Uingereza. Baba mtu anataka iuzwe ili isaidie karo. Shangazi hataki hata kulisikia neno hilo. Juzi walimpelekea mnunuzi wa dhahabu, naye akaivua mkanda, akaitia mizanini, akataja bei, kisha akasema kwamba mashine iliyomo ndani hana haja nayo, wakitaka atawarudishia katika bahasha. Kijana anamaliza kwa kuuliza: "Sasa hii ni saa au ni dhahabu? Na hilo jina, tulifute?"

Maswali mawili mazuri. Tuanze na dhahabu, maana ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani.

Dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24, nayo ni laini mno kwa kazi ngumu. Bangili na mikufu ya arusi za Kihindi aghalabu huwa karati 22. Lakini saa ya mkono hugonga meza, hugonga mlango wa matatu, hugonga kila kitu, kwa hiyo watengenezaji wa Uswisi wamependelea karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu katika 24, zilizobaki zikiwa madini mengine kama shaba na fedha. Kijana ameniandikia kwamba ndani ya kifuniko cha nyuma ameona nambari 0.750 na kichwa kidogo sana cha mwanamke. Vyema. Nambari hiyo ni karati 18. Mwanamke huyo ni Helvetia, nembo ya Uswisi, na aligongwa kwenye makasha ya dhahabu ya karati 18 mpaka mwaka wa 1995, nafasi yake ilipochukuliwa na kichwa cha mbwa. Naam, mbwa, wale wakubwa wa milimani waitwao St Bernard. Waswisi wana mambo yao.

Sasa hesabu. Fundi wa saa aliwatolea mashine, na kasha tupu likawa gramu 12, zaidi kidogo ya tola moja kwa kipimo cha masonara. Robo tatu ya hizo, gramu 9, ndiyo dhahabu yenyewe. Mwaka wa 1970 bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 kwa aunsi. Aunsi ni gramu 31.1, na dola moja ilikuwa kama shilingi 7.14 za Kenya. Piga hesabu hiyo utapata kwamba dhahabu yote ya saa ya babu ilikuwa na thamani ya shilingi 72 hivi. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeyeyusha Omega nzima kwa shilingi 72. Njoo sasa Oktoba 2025. Mwezi huo aunsi ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, na dola yenyewe ilikuwa kama shilingi 129. Kwa bei hiyo gramu 9 zilezile zinakaribia shilingi 150,000.

Hapo ndipo penye hatari, na si mara ya kwanza kuja. Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alikata kamba iliyofunga dola kwenye dhahabu, na kuanzia hapo bei ikapanda hadi Januari 1980 ilipofika dola 850. Katika miaka hiyohiyo saa za ufunguo zilipata pigo jingine. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1969, kampuni ya Seiko ilikuwa imetoa mjini Tokyo saa iitwayo Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwozi kuuzwa madukani, inayoendeshwa na betri. Nayo, ajabu ni kwamba ilikuwa na kasha la dhahabu ya karati 18, na bei yake ilikuwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Muda si muda saa za betri zikawa rahisi, na ile ya plastiki ya mtoto wa shule ikashika majira vizuri kuliko ya dhahabu ya mkurugenzi. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka wa 1970. Kufikia katikati ya miaka ya themanini walikuwa wamesalia kama theluthi moja.

Fikiria basi saa ya dhahabu mwaka wa 1980: mashine inaonekana haina maana tena, na kasha limepanda bei kupita kiasi. Watu walifanya nini? Walizipeleka kwa masonara kwa mikebe. Makasha yakaingia kwenye vyungu vya kuyeyushia na mashine zikatupwa au zikapewa mafundi. Ukipata fundi mkongwe wa saa, mwenye sanduku lake la kioo na lenzi yake ya jichoni, mwombe akufungulie mkebe wa vipuri. Si ajabu ukaona humo mashine nzima ya Uswisi, yenye mawe yake mekundu 17, iko uchi kama kifaranga kilichoanguliwa kabla ya siku zake. Hiyo ilikuwa saa ya mtu.

Kwa nini barua kama hii itoke Ngara? Anayeijua Ngara ya leo anajua mabanda ya nguo, makondakta wa Murang'a Road wanaopigana kwa maneno, na maghorofa yaliyoota mahali pa nyumba za zamani. Lakini wakati wa ukoloni, Nairobi ilipogawanywa kwa rangi za watu, Ngara ilikuwa mtaa wa Wahindi: makarani wa reli, wafanyakazi wa serikali, walimu, wenye maduka. Jamhuri High School ya pale Park Road ilikuwa Duke of Gloucester School, ya wavulana wa Kihindi. Ukumbi wa Sarakasi ulikuwa sinema ya Shan. Na katika jamaa nyingi za Kihindi dhahabu ndiyo benki isiyofungwa Jumapili. Neno letu lenyewe "sonara" limetoka kwao. Mke huwekewa bangili, na bwana arusi mara nyingi huzawadiwa pete na saa na upande wa bibi arusi. Saa iliyochorwa jina na mwaka, kama hii ya 1961, yaweza kuwa ya namna hiyo, au ya kuagwa kazini, desturi ambayo makampuni ya Kiingereza yaliipenda sana.

Kisha ukaja mwaka wa 1967, na sheria mpya za Kenya kuhusu uhamiaji na leseni za biashara kwa wasio raia. Waliokuwa na pasipoti za Kiingereza wakaanza kuhofu, na Uingereza nayo ikafanya haraka kufunga mlango wake kwa sheria ya Machi 1968. Wiki zile kabla ya mlango kufungwa, ndege zilijaa. Vilivyoweza kubebwa vilibebwa, na vingine viliuzwa kwa jirani, kwa mtumishi mwenzake ofisini, kwa aliyekuwa na pesa mkononi siku hiyo. Ndivyo saa ya mtu mmoja ilivyopata mkono wa mtu mwingine bila kuondoka mtaani.

Miaka minne baadaye Uganda ilionyesha yaliyo mabaya zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Ruhusa ya fedha ilikuwa kama pauni 50 tu kwa jamaa, na kwenye vizuizi vya barabarani, na ndani ya magari-moshi yaliyowaleta upande wa Mombasa, askari waliwavua vito na saa za mikononi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kwamba saa kuukuu ya dhahabu haina habari yoyote, huwa nashangaa. Ya kijana wetu ina bahati: iliuzwa kwa hiari, kwa bei iliyokubaliwa, na babu aliweka karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi na wote wawili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Babu alikuwa na daftari.

Na hilo linajibu swali la pili. Jina lisifutwe! Mnunuzi wa dhahabu alisema ni doa linaloshusha bei, na kwa mizani yake yumkini ni kweli kwamba halimwongezei kitu. Lakini kulifuta ni kukwangua dhahabu yenyewe, kifuniko kinabaki chembamba, na mkusanyaji yeyote mwenye macho ataona kwamba pana kitu kimefichwa. Jina likiwa pamoja na karatasi yake linaeleza saa ilitoka wapi na kwamba haikuibwa. Bila karatasi, jina la mtu mwingine mgongoni mwa saa lingekuwa maswali kituo cha polisi. Kanuni za adhabu za Kenya humtia gerezani hadi miaka 14 anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi.

Tazama mambo yalivyo huko Oman, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili pale Muscat, wengi wao wakiwa na asili ya Unguja. Sultan Qaboos alipotwaa utawala Julai 1970 alianza kuwazawadia watu saa, nyingi za Rolex, zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London na kutiwa nembo ya jambia usoni au mgongoni. Dhahabu ya saa ile haizidi ya dada yake isiyo na jambia. Lakini mnadani ile yenye jambia huiacha nyingine mbali sana. Wapo wakati fulani waliozifuta nembo hizo ili saa zionekane za kawaida. Nadhani leo hawalali vizuri.

Ukitaka kujua kwamba bei ya saa si bei ya dhahabu, angalia minada miwili ya mwaka wa 1917... la, ya 2017, si ya zamani hata kidogo. Mwezi wa Mei mjini Geneva iliuzwa Rolex ya dhahabu iliyokuwa ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, kwa zaidi ya dola milioni 5. Oktoba, mjini New York, Rolex ya mwigizaji Paul Newman ikapata dola milioni 17.75, na hiyo ni ya chuma kitupu, haina gramu hata moja ya dhahabu. (Wasomaji wa Uganda wasinicheke, najua kwao rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, nayo hushibisha kuliko hizi zote.)

Lakini nisimdanganye kijana. Saa yake si ya mfalme. Omega za dhahabu za miaka ya sitini, za kuonyesha saa na dakika tu, zilitengenezwa kwa wingi, ni mashine nzuri mno, na bado zinapatikana. Dhahabu ikiwa chini, saa kama hiyo huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya kasha lake. Dhahabu ikipanda kama ilivyopanda sasa, pengo hufinyika, na mwenye mizani hupata nguvu ya kusema, "Tofauti ni ndogo, nipe tu nimalizie." Ndivyo zilivyokwisha za mwaka wa 1980. Shangazi ana haki ya kukasirika. Baba naye ana haki, maana karo haingoji, na sitaki kuwa mwandishi wa gazeti anayewaambia watu wafe njaa huku wamevaa dhahabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza, kabla ya yote, ulizeni kama mali ya marehemu imekwisha kugawanywa kisheria. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, kinakataza mtu kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nyumba nyingi hudhani kwamba sheria hiyo ni ya mashamba tu. Saa nayo ni mali.

Pili, bei ya mizani iwe sakafu, isiwe dari. Mkishajua kwamba kasha ni gramu 12 za karati 18, hakuna atakayewapunja kwa kusema ni karati 14 au 9. Mwambieni apime mbele yenu, kasha na kifuniko peke yake, na atumie jiwe na tindikali mahali pasipoonekana, si kwenye uso wa kifuniko chenye jina. Kisha msiiuze kwake. Itafuteni bei kwa wauzao saa, si wauzao vito. Mtu wa saa atauliza maswali tofauti kabisa: uso ni wa asili au umepakwa upya? Kifundo cha kutilia ufunguo kina alama ya Omega? Nambari iliyochongwa kwenye mashine ni ngapi? Kwa saa ya 1961 nambari hiyo huwa karibu na milioni 18. Ikisema milioni 30, basi mashine ya saa nyingine imeingizwa kwenye kasha hili, na bei ishuke.

Tatu, msiing'arishe. Kila safari ya kwenye gurudumu la kung'arishia huondoa dhahabu kidogo, na kona za kasha, zilizochongwa kwa ukali pale Uswisi, hugeuka mviringo kama sabuni iliyotumika. Afadhali mikwaruzo ya babu.

Mnaotaka kuanza kukusanya, na mko wengi kwa barua ninazozipata, msianze na dhahabu. Anzeni na saa ya chuma ya ufunguo ya bei ya chini, mjifunze kuifungua, kuisikiliza na kuivumilia. Mkija kwenye dhahabu, mjue kwamba nyingi zinazong'aa River Road zimepakwa tu. Ukiona maandishi ya "20 microns" au "rolled gold" au "gold filled", hilo ni ganda jembamba la dhahabu juu ya madini mengine. Ukiona "stainless steel back", basi jua kifuniko cha nyuma ni chuma, na karibu kila mara mbele nako ni rangi tu. Lakini msikatae saa kwa kukosa yule mwanamke wa Uswisi. Waingereza walikuwa wakileta mashine kutoka Uswisi na kuzitia katika makasha yao wenyewe ya karati 9. Kampuni ya Dennison ya Birmingham iliyafanyia hata Omega na Rolex mpaka ilipofungwa mwaka wa 1967. Hayo hubeba nanga, alama ya Birmingham, pamoja na nambari .375 na herufi ya mwaka. Kwa nchi iliyotawaliwa na Waingereza hadi 1963, nanga hiyo ni ya kutarajiwa.

Saa ndogo za kike za dhahabu ni jambo la kusikitisha. Mashine zake ni ndogo kama punje ya mahindi, mafundi hawapendi kuzigusa, na wakusanyaji wengi ni wanaume wanaotaka saa kubwa. Hapo mizani mara nyingi ndiyo hulipa zaidi, na sina la kumwambia mama anayeiuza ila ahakikishe amepimiwa sawasawa.

Kuivaa je? Si mjini, tafadhali, na si ukiwa umeweka mkono dirishani mwa matatu. Ivae arusini, kanisani, Iddi, nyumbani. Itie ufunguo asubuhi kwa utaratibu mpaka isimame yenyewe, usiilazimishe. Kila baada ya miaka mitano hivi impelekee fundi aisafishe na kubadilisha mafuta. Na jambo moja nimelipenda katika saa hizi za kifahari: nyingi hazina nambari, zina vijiti vya dhahabu tu usoni. Sisi tunaosema saa moja ilhali mshale uko penye saba hatuna haja ya kubishana nazo.

Kijana wangu, hesabu uliyofanya na fundi iandike, ibandike pamoja na karatasi ya 1968, na umsomee baba na shangazi wote wawili wakiwa wameketi. Kama wakikubaliana iuzwe, piga picha ya mgongo kwanza. Na lile jina, kabla ya kuamua lolote, waulize wazee wa mtaa. Zipo bado jamaa za Ngara na Parklands zinazojua nani alikwenda Leicester na nani alikwenda Wembley. Inawezekana mnunuzi bora wa saa hiyo ni mjukuu wa karani.

Wale wawili walioniuliza kuhusu saa za ukutani zinazopiga kengele usiku kucha, nitawajibu Jumapili ijayo.